Mnara Usemao Saa za Wengine

Mji unapopandisha saa juu ya mnara huwa unatoa kauli. Unawaambia wakazi wake na wageni wao kwamba hapa siku huanza wakati huu, soko hufunguliwa wakati ule, na hivi ndivyo sisi tuhesabuvyo. Kwa hiyo yafaa tuiulize minara yetu swali ambalo hatujaiuliza sawasawa tangu tupate Uhuru: yasema kwa hesabu ya nani? Jibu limeandikwa juu ya uso wa minara yenyewe, na kila apitaye aweza kulisoma. Jua likiwa utosini, mwananchi husema ni saa sita. Mnara wamwambia ni kumi na mbili. Mmoja kati yao amekosea, na sisi tumezoea kudhani kuwa aliyekosea ni mwananchi.

Nakusudia kuonyesha kwamba mwananchi hakukosea, na kwamba aibu tunayomvisha haina msingi katika historia wala katika elimu ya jua na dunia. Nawaandikia hasa walimu na wanafunzi wa sekondari, kwa sababu aibu hii hupandwa darasani, na darasani ndipo iwezapo kung'olewa.

Tuanze mbali kidogo, katika Italia, maana wanaoidharau hesabu yetu hupenda kuiita Ulaya shahidi. Basi na tumsikilize shahidi huyo.

Katika miji ya kale ya Italia, mnara na uwanja ni ndugu wawili wasioachana. Mjini Siena uko uwanja uitwao Piazza del Campo, ulioinama kama kombe la bahari, na ukingoni mwake wasimama mnara mrefu ulioanza kujengwa mwaka 1338. Mnara huo haukuwa wa kanisa wala wa mfalme. Ulikuwa wa baraza la mji. Jina lake, Torre del Mangia, lilitokana na jina la utani la mpiga kengele wake, mtumishi wa kawaida aliyesifika kwa kuzitapanya pesa zake. Watu walioupa mnara wao jina la mpiga kengele walijua mnara ni wa nani. Kengele ilipolia, walioisikia walikuwa watu waliosimama chini yake wakiuza, wakinunua na kushauriana.

Sasa tutazame nyuso za saa zenyewe. Ndani ya kanisa kuu la Florence upo uso wa saa uliochorwa mwaka 1443 na msanii Paolo Uccello. Una namba 24. Mshale wake, au akrabu kama wasemavyo watu wa pwani, hauendi upande tuliouzoea, huenda kinyume. Na ajabu kubwa kuliko hiyo ni kwamba saa ya 24 ya uso huo huisha jua linapotua. Uso wa mnara wa saa wa Venice, uliozinduliwa mwaka 1499, nao una namba 24. Kwa karne nyingi hii ndiyo iliyoitwa hesabu ya Kiitalia: siku huisha machweo, na machweo hayo hayo ndiyo mwanzo wa siku nyingine. Mkulima aliyesikia kengele ya saa ya 20 alijua mara moja kuwa amebakiwa na saa nne za mwanga, apime kama aendelee kulima au afunge mizigo arudi kwake. Hakuhitaji kukokotoa neno.

Je, hesabu hiyo ilikufa kwa sababu iligunduliwa kuwa ni ya uongo? La. Ilisukumwa kando katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wakati hesabu nyingine, ambayo Waitalia wenyewe waliiita ya Kifaransa, ilipoingia kwa amri za watawala, na katika miji mingi ikaingia pamoja na majeshi ya Napoleon. Hesabu hiyo ya usiku wa manane ndiyo tuambiwayo leo kuwa ni hesabu ya ulimwengu, kana kwamba iliumbwa pamoja na jua. Kumbe hata Ulaya ina umri wake, ina waliyoipokea kwa hiari na waliyoipokea kwa amri. Dola ya Osmani nayo ilizoea kutega saa zake magharibi, na Uturuki iliacha desturi hiyo kwa sheria mwaka 1926 tu. Watu waliohesabu siku kwa jua hawakuwa kikundi cha washamba waliosahauliwa na maendeleo. Miongoni mwao walikuwamo watu waliojenga kuba la Florence.

Huyo ndiye shahidi tuliyeletewa, na ushahidi wake umetuelemea sisi.

Turudi nyumbani. Hesabu yetu yajulikana na kila mtoto: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga kutimia, saa sita ni kati ya mchana, saa kumi na mbili ni ukingo wa siku, kisha usiku nao hupewa saa zake kumi na mbili kwa haki ileile. Ni hesabu iliyofungamana na maisha. Macheo, adhuhuri, alasiri, magharibi: kila neno katika haya lina mahali pake dhidi ya jua, na namba za saa zimekaa juu ya maneno hayo kama mapaa juu ya nguzo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili akikuta habari za saa sita na saa tisa katika kisa cha kusulubiwa, aelewa pasipo mfasiri, kwa kuwa watu wa zama zile walihesabu kama yeye. Waethiopia nao, majirani zetu, huhesabu kama sisi, na wengi wao hutega saa zao za mkononi kwa hesabu hiyo bila kumwomba mtu radhi.

Tena hesabu hii yatufaa sisi kuliko ile ya machweo ilivyowafaa Waitalia. Florence iko karibu na nyuzi 44 Kaskazini ya Ikweta. Huko mchana mfupi kabisa wa mwaka ni kama saa tisa tu, na mchana mrefu kabisa hupita saa kumi na tano. Aliyehesabu kwa machweo alilazimika kuirekebisha saa yake mara kwa mara mwaka mzima. Kilosa iko karibu na nyuzi 7 Kusini. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa haifiki hata saa moja. Mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, mchana wetu ni saa kumi na mbili, ukiongeza au kupunguza dakika chache. Nchi iliyo karibu na Ikweta imegawiwa siku yake sawasawa, nusu mwanga na nusu giza, na babu zetu waliiona hesabu hiyo angani kabla ya kuiona ukutani. Mwalimu wa jiografia anayetafuta mfano wa namna mazingira yanavyounda utamaduni asiende mbali. Mfano uko kinywani mwa mwanafunzi wake.

Najua mtu atasema kuwa jua la Kilosa halichomozi saa kumi na mbili kamili. Ni kweli. Saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 Mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na Kilosa iko kwenye nyuzi 37. Kwa hiyo saa rasmi imelitangulia jua letu kwa kadiri ya nusu saa. Lakini hilo ni gharama ya kuwa na saa moja kwa nchi nyingi, na hesabu ya Kizungu yailipa gharama hiyo hiyo: kumi na mbili yao ya mchana nayo si adhuhuri kamili ya Kilosa. Kasoro iliyo ya wawili haiwi hoja dhidi ya mmoja.

Minara basi ilitufikiaje? Unguja, Sultani Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilingoja muda wa mwisho waliompa Sultani Khalid upite, nao ulikuwa saa tatu ya asubuhi. Kisha zikapiga mizinga, na vita vikaisha kabla ya saa moja nzima kutimia. Katika matengenezo yaliyofuata, mnara wa saa ulijengwa mbele ya jumba hilo. Ulisimama kuelekea Forodhani, mahali ambapo kweli watu hukusanyika, hata tarehe 25 Desemba 2020 mnara na sehemu ya jumba vilipoporomoka na watu wawili wakafa. Tuliulilia mnara huo, na tulikuwa na haki ya kuulilia, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya sura ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Dar es Salaam ilijengewa mnara wake wa saa mwaka 1961, kwa heshima ya kupandishwa kuwa jiji. Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka. Bendera ya mkoloni iliteremshwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba mwaka huo. Ulizeni wazee ilikuwa saa ngapi. Watawaambia: saa sita ya usiku. Hakuna mwananchi aliyesema kuwa Uhuru ulikuja saa kumi na mbili. Lakini mnara wa mwaka huo huo wa Uhuru ulivikwa uso wenye kumi na mbili juu kabisa, na hivyo mnara wa jiji huru haukuweza kuitaja saa ya uhuru wa nchi kwa namba aliyoitamka mwenye nchi. Si mbali na hapo iko sanamu ya Askari, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927, na juu yake kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hata mkoloni, alipotaka wananchi wamwelewe, alikubali kuandika kwa lugha yao. Sisi wenyewe tuliposhika kalamu, saa tuliiacha kama tulivyoikuta.

Na uwanja je? Mnara wa Dar es Salaam uko katikati ya mzunguko wa barabara. Mnara wa Arusha nao ni hivyo hivyo. Husemwa kuwa uko nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town, kipimo ambacho muuza ndizi wa Arusha hana haja nacho. Kufika chini ya minara hiyo ni kuhatarisha maisha, na aliyefika hana pa kukaa. Minara mingine imepata kuvikwa rangi na majina ya vinywaji, ikawa mabango yenye mishale. Ndugu wawili tuliowaona Siena, mnara na uwanja, hapa tumewatenganisha. Watu wako Mnazi Mmoja, sokoni, na chini ya miembe; saa iko peke yake, yazungukwa na magari.

Wilaya ya Kilosa haikupata utamaduni wa minara, lakini saa ya mgeni ilitufikia kwa njia nyingine. Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909, na reli haiendeshwi bila saa moja kwa njia nzima. Baada yake yakaja mashamba ya mkonge. Huko saa ilikuwa chuma, aghalabu kipande cha reli kilichotundikwa, kikigongwa gizani ili manamba waamke. Neno hilo kipande lilikuwa na maana nyingine iliyowauma zaidi: karatasi ya kibarua ya siku 30, ambayo kila siku isiyotimizwa kazi yake haikuhesabiwa. Mkata mkonge alijua vyema kuwa saa na kipande vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Hata hivyo, na hili ndilo la kustaajabisha, hakuiacha hesabu yake. Chuma kiligongwa kwa amri ya bwana shamba, naye aliamka akasema: saa kumi na moja. Alinyang'anywa mambo mengi, lakini namba ya asubuhi yake alibaki nayo. Je, itakuwaje sisi tulio huru tuitupe bila kulazimishwa na mtu?

Kijiji chetu cha Chanzuru hakina mnara wa saa, wala siandiki kudai tujengewe. Chanzuru ina jambo lililo bora: watu wanaokubaliana juu ya wakati. Mkutano ukiitwa saa nne, kila mtu, Msagara, Mkaguru au mjukuu wa manamba aliyetoka mbali, ajua jua litakuwa wapi. Tatizo huanza maandishi yaingiapo. Ratiba ya mtihani iliyoandikwa kwa Kiingereza ikisema 8:00, mtahiniwa yuko hatarini kuielewa kuwa ni saa nane, afike baada ya chakula cha mchana akute wenzake wamekwisha kukusanya karatasi. Tiketi ya safari huandikwa 06:00, na muuza tiketi humwambia abiria kwa mdomo: saa kumi na mbili, usichelewe. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita Kilosa kuelekea Dodoma. Ni kazi kubwa na ya kujivunia, lakini treni haimngoji abiria afanye hesabu ya kutoa sita.

Madhara hayo ni ya siku moja. Yako madhara mengine ya maisha yote. Mtazameni mtoto wa darasa la pili anayefundishwa kusoma saa. Mwalimu amwambia: mshale mfupi ukiwa juu ya saba, soma moja, ukiwa juu ya tatu, soma tisa, siku zote tazama namba iliyo ng'ambo. Mtoto hushika upesi, maana watoto ni werevu. Lakini amefundishwa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kusoma saa. La pili, ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha, ni kwamba kilichoandikwa hadharani hakikuandikwa kwa ajili yake, na kwamba kazi yake katika dunia ni kukigeuza kimoyomoyo na kunyamaza. Somo hilo la pili halisahauliki. Hukua nalo, na siku moja, akiwa mfasiri wa vitabu, aandika kuwa mashujaa wa hadithi waliamka saa saba asubuhi, wala hashtuki.

Wapinzani wana hoja zao, nami sitazikwepa.

Wa kwanza husema kuwa dunia ni moja na wageni watapotea. Marubani na manahodha wana saa yao ya kimataifa, na waendelee nayo. Mnara wa mji haukujengwa kwa ajili ya rubani. Mgeni afikaye Florence hukuta uso wa Uccello ukienda kinyume, naye hupiga picha na kuuliza habari zake. Hadai ubadilishwe ili asichoke. Kwa nini mgeni wa Dar es Salaam awe dhaifu kuliko mgeni wa Florence?

Wa pili husema kuwa hesabu ya Kiswahili ndiyo chanzo cha kuchelewa, na hucheka wakitaja saa za Kiafrika. Hii ni kasumba. Kuchelewa ni tabia, na tabia haina namba. Afikaye saa tano katika mkutano wa saa tatu amechelewa saa mbili, na angechelewa saa mbili zilezile hata kama kadi ya mwaliko ingeandikwa kwa hesabu ya Kizungu. Wahenga walimkemea mzembe kwa kusema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, nao walihesabu kwa jua.

Wa tatu husema: fedha iko wapi? Hoja hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Hakuna gurudumu hata moja la saa linalohitaji kubadilishwa. Mishale ibaki kama ilivyo; dakika zibaki kama zilivyo. Zibadilishwe namba za saa tu. Penye 12 paandikwe 6, penye 1 paandikwe 7, penye 7 paandikwe 1, na kadhalika kuuzunguka uso. Adhuhuri itakapofika, jua litakuwa juu, mshale utakuwa juu, na juu kabisa patasomeka sita. Ni kazi ya mchora mabango mmoja, kopo moja la rangi na ngazi. Anayeogopa wageni na aache namba zao ndani, kwa herufi ndogo, kama mwenyeji amwekeavyo mgeni kigoda bila kumpa nyumba.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2021 UNESCO ikatangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tumekipa Kiswahili Bunge, mahakama na magazeti. Siku hiyo ya Julai huimbwa mashairi na kusomwa hotuba, nami kama mshairi sina ugomvi na mashairi. Lakini lugha isiyoandikwa juu ya saa za miji yake mwenyewe bado ni mpangaji katika nyumba iliyoijenga.

Basi kwa halmashauri za miji nasema: jengeni minara penye watu, mpande miti na kuweka mabenchi ya kukalia, na juu yake mwandike hesabu ya wenye mji. Wanaotengeneza majengo ya kale nao waulize kila mara ni umma upi utakaousoma uso wanaourudisha. Kwa walimu wenzangu katika kulea nasema: fundisheni hesabu zote mbili, kwa kuwa elimu haina adui, ila muanze na yetu, na muifundishe kwa sababu zake, kwa Ikweta na kwa jua. Chukueni duara la karatasi ngumu, muandike sita juu, mtundike ukutani. Wanafunzi watakaolizoea duara hilo ndio watakaokaa kesho katika mabaraza ya madiwani, na mkandarasi atakapowaletea mchoro wa mnara wenye kumi na mbili kileleni, watamwuliza swali ambalo sisi tulichelewa kuliuliza.